Swali Nililolifuata Yalikombe

Tangu nirudi mmekuwa mkinikamata mmoja mmoja, huyu kwenye foleni ya maji, yule nikiwa na sabuni usoni, na wote mnauliza lile lile: "Sakina, ulienda kufanya nini huko mtoni, na mbona umerudi unacheka peke yako?" Nimechoka kusimulia vipande. Mmoja amepata kipande cha mchanga, mwingine kipande cha nyama, na sasa nasikia huko mtaa wa Kabondo inasemwa kwamba nilikamatwa na askari kisha nikaolewa na chifu. Sikukamatwa, na chifu mwenyewe ana wake wa kumtosha. Basi kaeni, niwaeleze yote. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana mnazijua na hazina utamu.

Kisangani: maswali matatu, yote hapana

Nilikuwa nimebakiza mémoire tu, ile kazi ya kuandika inayofunga masomo. Somo nililipenda: maji makubwa ya mwaka jana yaliyofunika vijiji vya chini ya Yangambi, na namna serikali ilivyoyakabili. Kilichokosekana ni swali. Profesa wetu hasomi ukurasa hata mmoja kabla hajapitisha swali, na ukimletea swali bovu anakurudishia karatasi kwa vidole viwili, kama ameokota soksi ya mtu.

Nilimpelekea la kwanza: serikali ilikabili maafa kwa ufanisi wa kiasi gani? Akaniuliza, "Ufanisi unaupima kwa kijiko au kwa debe, citoyenne?" Nikaenda, nikarudi na la pili: je, serikali ilitimiza wajibu wake? Hapo hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. "Jibu likiwa ndiyo, mémoire haina kazi. Jibu likiwa hapana, mimi na wewe tutaenda kulitetea mahali pengine, na si mbele ya wanafunzi." La tatu liliuliza nini kifanyike siku za mbele. "Hilo si swali. Hiyo ni hotuba."

Ilikuwa Ijumaa. Orodha ya masomo ingefungwa Jumatatu, siku kumi mbele. "Nenda ukawaulize waliokuwa ndani ya maji," aliniambia. "Ukirudi na swali, sawa. Usiporudi nalo, tuonane mwaka ujao."

Mwaka ujao wenyewe haukuwapo. Mwaka mmoja nilikuwa nimeshaupoteza, na papa, yaani baba yangu, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba wa pili hana. Nisipopitisha swali ningepelekwa Kindu kufundisha watoto kuhesabu, kwenye shule ya binamu yake, na chumba cha kulala kilikuwa kimeshatengwa. Mimi na kuhesabu mnatujua. Nilisema nitaenda mtoni hata kwa kuogelea.

Papa alikubali kwa sharti moja: niende na Tantine Mwavita. Huyu ni dada yake, anayenunua samaki wa kukaushwa kwenye vijiji vya mtoni na kuwauza hapa sokoni. Anasema Kilokele, lugha ya watu wa mto, lakini Kilokele cha sokoni, kile cha kupandisha na kushusha bei. Mwili wake ni mkubwa, sauti yake ni kubwa zaidi, na ana mwavuli mweusi ambao hajawahi kuufungua mbele yangu. Anautumia kuonyesha njia.

Libongo: siku mbili za "sasa hivi"

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa libongo, pale mashua zinapofungwa. Balinyeri yetu ilikuwa tayari: mashua ndefu ya mbao, injini moja nyuma, turubai juu. Tulipotaka kupanda, akaja bwana mwenye firimbi. Jamani, tulikuwa tumesahau! Jumamosi ni salongo, kazi ya wote kwa ajili ya taifa, na hakuna mtu wa kusafiri kabla taifa halijafagiliwa.

Basi tukafagia. Nilipewa ufagio usio na mpini, Tantine akapewa upanga wa kukata majani. Alikata majani matatu, akajishika kiuno, akamwambia bwana firimbi, "Papa, miye niko mugonjwa ya mugongo. Nitaimba." Na kweli akaimba nyimbo za Chama kwa sauti ile yake mpaka saa sita, na yule bwana hakujua amsifu au amkemee. Tulipomaliza, libongo iling'aa, na mekanisye, fundi wa injini ya balinyeri, hakuonekana.

"Anakuja sasa hivi," walisema. Jumamosi yote alikuwa anakuja sasa hivi. Jumapili alikuwa misani, baada ya misa alikuwa kwa shemeji yake, na kwa shemeji yake kulikuwa na sherehe. Tulikula kwanga, ule mkate wa mihogo, na samaki wa pilipili tukiwa tumeketi juu ya mizigo. Nilikuwa nahesabu siku zangu kwa vidole. Nilimwuliza kijana wa tiketi kama "sasa hivi" yao ina saa ngapi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, inategemea."

Kisangani mpaka Yangambi, tukipitia mchangani

Jumatatu tuliondoka. Mekanisye alikuja amevaa suti ya sherehe, akavua koti, akaikemea injini kwa Kilingala, nayo ikaitika. Wote tukapiga makofi. Niliona mji ukirudi nyuma, nikamsamehe kila mtu.

Msamaha ulidumu mpaka saa nane mchana. Mto ulikuwa umepungua, na katikati yake, mahali ambapo mtu yeyote angeapa kwamba kuna kina, balinyeri ilipanda juu ya mchanga ikakaa. Wanaume walishuka kusukuma, maji yakiwafika magotini. Tulisukumwa mbele, tukasukumwa nyuma. Mwishowe mekanisye alitangaza kwamba tungoje mashua nyingine ipite ituvute, akajilaza.

Kwa bahati, mtu wa pembeni yangu alikuwa na maneno. Alikuwa bwana mwembamba katika abacost ya kijivu, lile koti la taifa lisilo na tai, imefungwa vifungo vyote katika jua lile. Alijitambulisha kuwa sekretere wa ofisi ya zone, yaani wilaya, huko chini. Wote walimwita Citoyen Sekretere, yaani Mwananchi Sekretere. Alikuwa na mkoba wa plastiki magotini, na kila dakika tano aliupapasa kama uko hai.

Nilipomwambia somo langu, uso ulimng'aa. "Maji ya mwaka jana? Ni miye nilipeleka msaada! Bato ya Leta, magunia ya muchele, mablanketi, na sabuni."

Mnajua kwetu mashua ni bato na serikali ni Leta; hilo la pili tumelichukua kwenye Kifaransa, l'État, tukalibandika kichwa na mwili. Nilitoa daftari mbio. "Mulipeleka kwa nani?"

"Kwa batu ya Yalikombe. Donc, tunafika, maji iko mpaka kwenye madirisha. Tunaita. Hakuna mutu. Tunapiga honi. Hakuna mutu. Iko kuku moja tu, juu ya nyumba, inatuangalia. Tulingoja mpaka jua ikapanda kabisa. Alors, nikaandika rapport." Alifungua mkoba, akanionyesha nakala, safi kabisa: kijiji kimehamishwa chote, wakazi wako salama, msaada hauhitajiki. "Unaona organisation ya wale batu? Hata mbele Leta ifike, walikuwa wamejipanga."

"Na mchele?"

"Ulirudi magazini, kwenye gala ya Leta. Na reçu ya kupokea iko."

Aliniambia kwa furaha ya kweli, si kwa kujitetea. Niliandika, lakini ndani ya moyo nilikata tamaa. Kama kijiji kilihama chenyewe na serikali ikarudi na mchele wake, basi hapakuwa na la kuuliza, na Kindu ilikuwa inanifungulia mlango.

Mama mmoja aliyekuwa anapika kwenye mkia wa mashua alituletea sahani mbili za lituma, ndizi za kuponda, na kitoweo kizito cha mawese. Nilikuwa na njaa ya kulia machozi. Tantine akanusa. "Hii iko nini?" Mama akajibu, "Samaki." "Samaki gani?" "Samaki ya juu." "Juu wapi?" Mama akaonyesha miti ya ng'ambo. Kumbe nyani! Mimi nilikuwa nimeshameza tonge moja. Tantine aliniangalia akasema, "Papa yako hatajua. Lakini ya pili, nitamwambia." Sekretere alikula sahani zote mbili na kuramba kidole.

Mashua nyingine ilituvuta jioni, na Jumanne tukaingia Yangambi. Sekretere alituaga kwa kutupa mkono mara mbili kila mtu. Tulilala kwa rafiki wa Tantine kwenye zile nyumba za matofali za watafiti wa kilimo, tukala wali na sombe ya majani ya mihogo, na mimi nikaandika swali la nne na la tano. Asubuhi niliyafuta yote mawili, nikasema twende Yalikombe ile ile, angalau ina jina kwenye ripoti.

Yangambi mpaka Yalikombe, kwa mtumbwi

Mtumbwi ulikuwa na wapiga kasia wawili, ndugu wasiosemezana. Wa mbele alikuwa amekosana na wa nyuma, sababu hatukuambiwa. Kila walipotaka kubadili upande walimwambia Tantine, naye akapeleka ujumbe kutoka ncha hadi ncha, urefu wa hatua sita. "Anasema kata kushoto." "Mwambie nimeona." Mimi niliketi katikati na begi langu lililojaa karatasi kichwani, kwa kuogopa maji.

Kila tulipopita kijiji, nyuma yetu lokole ililia. Wengine mnaiona kwenye sherehe tu, lakini kule mtoni lile gogo lililochimbwa ndani ni la kusema. Linapigwa midomo miwili, wa sauti nene na wa sauti nyembamba, na kijiji cha mbali kinasikia kama mtu amesema. Nilifurahi sana. Nilimwuliza Tantine, "Wanatusalimia?" Akasikiliza, mwavuli umesimama wima. "Miye najua lokole ya samaki. Hii si ya samaki."

Jumatano mchana tulifika Yalikombe. Tulipanda ukingo na, wallahi, hakuna mtu. Moto unawaka chini ya vyungu. Mchi umesimama ndani ya kinu. Nguo zimeanikwa nusu, nusu ziko kwenye beseni. Kuku wawili walituangalia. Nikaita hodi kwa Kiswahili, kwa Kilingala, hata kwa Kifaransa nikaita. Kimya.

Tantine alipandwa na hasira. Akasimama katikati ya uwanja, akapiga kelele kwa Kilokele chake cha sokoni. Baadaye niliambiwa alisema hivi: "Ni miye Mwavita wa samaki! Mukijificha, nitanunua kwa jirani zenu!"

Pori likatikisika. Kwanza ukatoka uso wa mama mmoja nyuma ya migomba, kisha wengine, watoto mgongoni, vyungu kichwani, mzee mmoja amekumbatia redio. Waliniangalia mimi na begi langu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Yalikombe: "Leta ilifanya vizuri, aksanti"

Alhamisi nilifanya kazi kama tulivyofundishwa. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari, nikauliza wakati wa maji Leta ilifanya nini. Nyumba ya kwanza: "Leta ilifanya vizuri, aksanti." Nyumba ya pili: "Leta ilifanya vizuri, aksanti." Nyumba ya tano, bwana aliongeza, "Sana." Nilijaribu kugeuza: kuna kitu ambacho Leta haikufanya? Waliangalia chini, wakaangaliana, wakasema hakuna, yote ilifanya. Kwenye ukuta wa kila nyumba ulikuwapo mstari wa tope juu ya kichwa changu. Mihogo ilikuwa imeoza mashambani mwaka mzima. Nyumba kumi na nane zilikuwa na jibu moja, mpaka nikaanza kuliandika kwa kifupi: L.F.V.A.

Jioni ile nililia. Nawaambia ukweli, nililia nyuma ya jiko, kwa sauti, na Tantine aliniacha nilie kisha akaniambia nioshe uso, Kindu pia kuna watu.

Tulifikia kwa Mama Bolumbu, yule mama wa nyuma ya migomba. Alikuwa ameuza nguo Kisangani miaka mingi kabla ya kurudi kwao, kwa hiyo Kiswahili anakikata vizuri, na ulimi wake hauna breki. Ijumaa asubuhi daftari nililitupa kitandani. Nilimkuta anaponda ndizi za lituma, nikachukua mchi wa pili, tukaponda kwa zamu, yeye pu, mimi pu. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nikamwuliza, si kwa utafiti, kwa hasira tu:

"Mama, mimi nilipofika, mbona mulikimbia?"

"Tulisikia lokole."

"Lokole ilisema nini?"

Alicheka. "Papa Bosenge aliipiga. Alisikia kutoka kijiji ya juu: 'Wenye karatasi wanakuja, beba mutoto, beba chungu, ingia pori.' Weye ulikuwa na karatasi kwenye kichwa, si ndiyo?"

"Na hao wenye karatasi ni nani?"

"Aa, mutoto wa chuo kikuu! Ni Leta."

Niliendelea kuponda. Alinieleza kwamba lokole haina maneno mafupi. Kila kitu kina jina lake refu, ili kisichanganywe na kingine, na majina hayo ni ya zamani, yameachwa na wazee. Leta ina jina moja tu. Lilianza wakati wa Wabeleji, walipokuja kuandika watu kwa kodi na kazi, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. "Tunaiita Leta," alisema, "lakini hapa hatujaona kuleta. Ingeitwa Chukua."

"Na wakati wa maji," nikasema polepole, "lokole ilipigwa hivyo pia?"

"Ndiyo! Siku ya tano. Tulikuwa juu ya nyumba, batoto wanalia njaa. Lokole inasema wenye karatasi wanakuja. Tukasema, hata leo? Hata ndani ya maji? Tukaingia kwenye mitumbwi, tukajificha katikati ya miti. Tuliwaona vizuri. Iko mutu mwembamba, koti ya kijivu. Na bato imejaa magunia ya muchele. Tukasema: kumbe, wamepita kwa wengine wamechukua muchele yao, sasa inabaki sisi! Tulishika batoto mudomo wasilie. Wale watu wakapiga honi, wakapiga, wakaondoka. Tulimushukuru Mungu!"

Mchi uliniponyoka. Nilipaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, angeandika, angekwenda zake. Mimi nikasema, "Mama, ule mchele ulikuwa wenu."

"Namna gani?"

"Waliwaletea. Nimeonana na yule mtu wa koti ya kijivu. Mchele, mablanketi, na sabuni. Walipowakosa, waliandika kwamba muko salama, wakarudisha."

Mama Bolumbu aliniangalia, mdomo wazi. Kisha kicheko kilimtoka chini kabisa tumboni, akakaa chini kwenye maganda ya ndizi, akapiga mapaja, akaita majirani kwa Kilokele. Walikuja mbio, wakasikia, wengine wakacheka wakalia, wengine wakalia tu. Mama mmoja alirudia "sabuni, sabuni" kama anaomba. Mzee wa redio akauliza kama ule mchele bado upo. Nikasema sijui, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yangu kubwa ya safari nzima.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja: mtu mfupi, mwenye mikono mipana, amesimama na nyavu begani. Nikajua bila kuambiwa kwamba ndiye Papa Bosenge, mpiga lokole. Mtu fulani alimtania kwamba amekula wali wa kijiji kizima kwa fimbo mbili. Watu wakacheka tena. Yeye alisema kwa sauti ndogo, na Mama Bolumbu akanigeuzia maneno kwa Kiswahili: "Nilipiga jina ambayo niko nayo. Ingine sikupewa." Akaweka nyavu chini, akaenda zake. Kicheko kikaisha.

Nilimfuata. Nilimwomba radhi kwa Kilingala changu kibovu. Nilimwambia kwamba hata yule wa koti ya kijivu hakujua, na mimi pia niliposikia lokole mtoni nilidhani nasalimiwa. Hapo akatabasamu kidogo. Akaniuliza kitu kimoja tu: bato ile ilipokuja, ingejulikana vipi kwamba safari hii imekuja kuleta? Ina rangi nyingine? Watu wake wana nguo nyingine? Nilifikiri, nikafikiri. Ni bato ile ile inayokuja kwa kodi, koti ni lile lile, mkoba ni ule ule. Nikamwambia sijui. Akasema, basi na yeye hakujua.

Kurudi juu

Jumamosi alfajiri tulipanda mtumbwi, wapiga kasia walewale, sasa wamepatana, wanaongea bila kupumua mpaka Tantine akatamani ugomvi urudi. Kijiji kilikuja ukingoni. Nilipewa samaki watatu waliokaushwa. Tantine aliwanunua wengine kwa bei ambayo mpaka leo anajivunia.

Tulipoachana na ukingo, lokole ililia nyuma yetu. Niliitambua: ile ile ya kuja kwetu, sauti nene, nyembamba, nene. Nikasema basi, vijiji vyote vya juu vitakimbia tena kwa ajili yangu. Lakini safari hii haikuishia pale. Iliendelea, ikasita, ikarudia kipande kipya mara tatu, kwa kukosea-kosea, kama mtu anayejaribu viatu. Mpiga kasia wa mbele aliacha kukata maji, akasikiliza.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema: mwenye karatasi anapanda. Halafu anasema... ee, hii sijaisikiaka. Anasema: huyu, mumungoje."

Kwenye kijiji cha juu tuliwakuta watu ukingoni. Si wote. Wachache walikuwa wamesimama mbele, mikono kifuani, wanatuangalia. Nyuma yao wengi walikuwa na vyungu kichwani, tayari kwa lolote, mguu mmoja uwanjani na mmoja porini. Hakuna aliyetoa mkono, lakini hakuna aliyekimbia. Nilifungua daftari mtumbwini, nikaandika mstari mmoja, na Tantine, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, alifungua ule mwavuli akanikinga jua.

Ofisini kwa Profesa

Jumapili tulipata kamyo, lori la mpunga, kutoka Yangambi, ikatutikisa mpaka Kisangani. Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Profesa, nanuka samaki. Hakuniuliza habari ya safari. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Ilikuwa na swali moja:

"Leta inapokuja kusaidia watu ambao imezoea kuja kuwachukulia vyao, wao wanaijulia kwa alama gani?"

Alisoma. Hakufunga mlango. Akauliza nimelipata wapi, nikamsimulia kwa ufupi: sekretere na ripoti yake, magunia katikati ya miti, watoto wameshikwa midomo, Papa Bosenge na jina lake moja. Nilipofika kwenye lokole, aliniinulia mkono ninyamaze. Akachukua kalamu na penseli, akagonga ukingo wa meza, nene, nyembamba, nene. Ilikuwa ile ile. Sijui kama niliwahi kushtuka hivyo.

"Sisi ni watu wa mto Lomami," alisema. "Mama alikuwa akiisikia anatubeba wote wanne, na chungu. Mimi nilipenda sana. Nilidhani ni mchezo wa familia." Akaiweka penseli mezani. "Nilikuwa na miaka kumi ndipo nikajua kwamba alikuwa anaogopa."

Akavuta ile orodha ya masomo, akatafuta jina langu, akaandika swali lote kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akatia sahihi. Kisha akaniambia nitoke, ana kazi. Nilipiga kelele kwenye korido mpaka watu wa ghorofa ya chini wakatoka ofisini kuona nani amekufa.